Majina na Majengo ya Fortingall, Katika Milima ya Uskoti

Wasomaji wetu wenye umri, khasa wale wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, bila ya shaka wanazikumbuka meli zilizokuwa zikitia nanga katika bandari zetu miaka ya 1950, mbavu zake za rangi ya zambarau iliyopauka, na bomba lake jekundu lenye kichwa cheusi. Kila moja ilikuwa na jina linalokwisha kwa neno Castle: Kenya Castle, Rhodesia Castle, Braemar Castle. Neno hilo maana yake ni ngome. Wengi wetu tulilisoma tukiwa watoto tusijue kwa nini meli iitwe ngome, wala hatukuuliza. Jawabu yake, au sehemu kubwa ya jawabu hiyo, tuliikuta mbali sana na bahari, katika kijiji kidogo cha Uskoti kiitwacho Fortingall, ambako amezikwa bwana aliyeianzisha kampuni ya meli hizo. Tulikwenda huko kwa ajili ya kaburi hilo moja, tukarudi na mambo mengi ambayo hatukuyatazamia.

Njia yetu ilianzia mji wa Perth, tukapanda basi mpaka Aberfeldy, na kutoka hapo tukakodi motakaa, kwani zimesalia maili zipatazo 8 na mabasi ni haba. Aberfeldy ina daraja zuri la mawe lililojengwa mwaka 1733 kwa amri ya Jemadari Wade, aliyetumwa na serikali kukata barabara katika milima hii ili majeshi yapate kuwafikia watu wake wakaidi. Daraja lilijengwa kwa vita, na leo linapitisha kondoo na watalii.

Tokea hapo majina yenyewe yakaanza kutusemesha. Msafiri akitaka kuijua Uskoti ni lazima afahamu kwamba nchi hii imepitiwa na lugha nyingi, moja juu ya nyingine. Walikuwapo kwanza Wapikti, taifa la kale ambalo lugha yao imekufa; kisha ikaja lugha ya Kigaeli kutoka upande wa Ireland; kisha Kiingereza na mwenzake Kiskoti. Kila lugha iliyoondoka iliacha majina nyuma yake, kama mpangaji aliyehama akasahau vyombo vyake. Neno aber katika Aberfeldy ni la wale wa kwanza, na maana yake ni mahali mto unapotoka na kuingia katika maji mengine. Wagaeli husema inver kwa maana iyo hiyo. Basi ukiona Aber hapa na Inver pale, umekwisha kujua nani aliyetangulia kuliita bonde hilo.

Baada ya Aberfeldy huja Weem, nalo ni neno la Kigaeli la pango, kisha hufuata kijiji kiitwacho Dull. Hili kwa Kiingereza ni neno la kitu kisichochangamsha, na wageni husimama kupigwa picha chini ya ubao wake wakicheka. Mwaka 2012 wenyeji wa Dull walifanya urafiki na mji mmoja wa Marekani uitwao Boring, ambao jina lake kwa Kiingereza lina maana iliyo karibu na hiyo. Dereva wetu, mzee wa makamo ya miaka sabini, alituambia, "Mabwana, jina hili si la Kiingereza hata kidogo. Ni konde la kando ya mto. Waingereza walikuja wakalikuta." Alisema hivyo bila ya kucheka, nasi tukaona haki yake.

Fortingall yenyewe iko mahali ambapo mto Lyon unatoka katika bonde lake jembamba na kuingia uwanda wa majani. Ni nyumba chache, kanisa, hoteli na mashamba. Lakini parokia, yaani nchi yote iliyohesabiwa chini ya kanisa hilo, ilikuwa kubwa mno, ikipanda milima na mabonde mwendo wa siku nzima. Jina lake kwa Kigaeli ni Fartairchill. Nusu ya mwisho ni cill, neno lililotoka katika Kilatini, na asili yake ni chumba kidogo cha mtawa. Kisha likawa kanisa. Nusu ya kwanza ni ya Kipikti: wako wanaoifasiri kuwa ngome, na wako wanaosema ni ukingo wa mlima, na sisi tuliposimama pale na ule mlima umetuinamia nyuma ya paa za nyumba, tuliona hawa wa pili wana hoja ya macho. Wataalamu husema pia kwamba kuwekwa neno cill mwisho wa jina badala ya mwanzo ni alama ya ukale.

Msomaji akifungua ramani ya Uskoti ataona Kilmartin, Kilbride na Kil nyingine tele, na huenda akakumbuka Kilwa, Kilifi na Kilindini. Asidanganyike. Kilindini yetu ni kilindi, maji ya kina kirefu, na haina udugu na watawa wale.

Kinachowaleta watu Fortingall zaidi ya kingine ni mti. Umo katika ua wa kanisa, umezungukwa na ukuta, nao ni yew, mti wa jamii kubwa ya misonobari, wenye majani ya kijani kilichoiva na sumu ndani yake. Mwaka 1769 mwanachuoni mmoja, Daines Barrington, aliupima unene wa shina akapata futi 52 kuuzunguka. Msafiri Thomas Pennant naye akaandika futi 56 na nusu. Hata wakati ule shina lilikuwa limepasuka katikati, na husimuliwa kwamba jeneza lilipitishwa katika ufa huo likienda makaburini. Leo shina limegawanyika vipande vipande, kila kipande kama mti mbali, na vigingi vidogo vimepigwa ardhini kuonyesha lilipofika zamani. Sababu ya kupungua kwake si uzee peke yake. Watoto walikuwa wakiwasha moto ndani ya ule ufa katika sikukuu za kale, na wageni walikuwa wakikata vipande vya kuchukua makwao, mpaka ikabidi ujengwe ukuta.

Umri wake? Wataalamu wa sasa husema miaka 2,000 mpaka 3,000, na wako wanaopandisha mpaka 5,000. Ni mti dume, na tangu kupimwa kwake ulijulikana hivyo. Lakini mwaka 2015 tawi moja la juu lilizaa matunda matatu mekundu, maana yake tawi hilo limegeuka jike. Hayo yameandikwa na watu wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh. Kiumbe mkongwe kuliko dola ya Warumi bado kina mambo mapya ya kutushangaza; Subhanallah.

Tumetaja Warumi, na hapa ndipo penye hadithi ambayo kila mgeni wa Fortingall husimuliwa kabla hajavua koti. Wanasema kwamba Pilato, yule liwali wa Kirumi anayetajwa na Wakristo katika khabari za Nabii Isa (a.s.), alizaliwa hapa chini ya mti huu, baba yake akiwa mjumbe wa Kaisari. Hadithi hii haisimami hata kwa mguu mmoja. Pilato alikuwa liwali katika nchi ya Mayahudi tangu mwaka 26 mpaka 36. Majeshi ya Warumi hayakuja kuikamata Uingereza ila mwaka 43, wala hayakuufikia uwanda wa Uskoti ila miaka ipatayo 40 baada ya hapo. Huyo baba angekuja kufanya nini katika milima hii kabla ya wenziwe wote?

Walakini hadithi isiyo na asili hutafuta ushahidi, na ikikosa huuita kwa jina. Kusini ya kijiji, katika uwanda wa mto, kuna boma la udongo lenye handaki, na wenye kupenda mambo ya kale waliliita Praetorium, yaani makao ya jemadari wa Kirumi. Wachunguzi wamekwisha kuthibitisha kwamba ni mahali pa nyumba ya bwana mmoja wa zama za kati, iliyozungukwa na handaki la maji, na Mrumi hakukanyaga. Lakini jina limekwisha kuingia katika ramani, na jina likiingia katika ramani kulitoa ni kazi.

Si majina yote yaongopayo. Katika konde lililo mbele ya kijiji kuna kichuguu cha mviringo chenye jiwe juu yake, na jina lake ni Càrn nam Marbh, maana yake chungu ya wafu. Ubao uliopo unasema kwamba tauni kubwa ya karne ya 14 ilipoua watu wa hapa, maiti zilizikwa katika kichuguu hiki, zikiletwa juu ya kigari kisicho na magurudumu kilichokokotwa na farasi mweupe, na aliyemwongoza farasi huyo ni bibi kizee mmoja. Kichuguu chenyewe ni kaburi la kale zaidi, la wakati watu walipotumia shaba nyeusi kabla ya kujua chuma. Kila mwaka katika mwezi wa Novemba walikuwa wakiwasha moto juu yake, watu wakicheza kuuzunguka, na desturi hiyo ilikoma mwaka 1924. Sisi tulikaa tukimfikiri yule bibi. Wanaume wenye upanga wa nchi hii wana nyimbo na vitabu. Yeye aliyebaki akawazika watu hana hata jina, ila farasi wake tu ndiye aliyekumbukwa rangi.

Mashariki ya hapo yako mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale, matatu matatu katika makundi. Walipochimba mwaka 1970 waligundua kwamba yalikuwa mengi zaidi, ila mengine yaliangushwa na kufukiwa, na pamoja nayo wakakuta chupa ya bia ya karne ya 19. Mkulima aliyeyafukia alikata kiu yake hapo hapo na kuacha tarehe bila ya kukusudia.

Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, kando ya mto Lyon, tukiwa tumeelekea kusini mashariki, kisha tukaenda kulitazama kanisa.

Jengo hili si la kale. Lilijengwa upya mwaka 1901 na 1902. Lakini mahali pake palikuwa na watawa tangu karne ya 7 au ya 8, na vipande vya mawe yao yaliyochongwa vimewekwa ndani. Ilikuwapo pia kengele ya mkono ya chuma ya watawa hao, imedumu miaka ipatayo 1,300, ikiwekwa ndani ya ukuta nyuma ya vyuma. Iliibiwa mwaka 2017. Vita vya koo, moto na mageuzi ya dini yote yaliipita, ikachukuliwa katika zama za amani. Mahali pake ni patupu, na mtu huona haya kupatazama, kama aliyeingia nyumba yenye msiba.

Katika watawa wanaokumbukwa bondeni humu, mkubwa wao ni Adomnán, aliyekuwa mkuu wa watawa wa kisiwa cha Iona tangu mwaka 679 mpaka kufa kwake mwaka 704. Ukipanda bonde la Glen Lyon utafika mahali paitwapo Milton Eonan, na Eonan ni jina lake lilivyolainishwa na ndimi za Wagaeli; maana yake kinu cha Adomnán. Husimuliwa kwamba aliwajengea watu kinu hicho, na kwamba ilipowajia tauni aliwatenga wazima na wagonjwa, akawapeleka wazima katika vibanda vya malisho huko juu milimani.

Ndugu msomaji, tulipolisoma jina hilo katika ramani tulisimama. Kwani mtu huyu tunamjua kwa sababu nyingine kabisa. Adomnán ndiye aliyetunga, katika karne ya 7, kitabu cha Kilatini juu ya mahali patukufu pa nchi za mashariki, kwa khabari alizopokea kutoka kwa askofu mmoja wa nchi ya Gaul aitwaye Arculf, aliyekaa Baitul Muqaddas miezi tisa. Na ndani ya kitabu hicho imo khabari ya nyumba ya ibada ya Waislamu iliyojengwa mahali lilipokuwa hekalu la kale: nyumba ya pembe nne, ya mbao na maboriti makubwa juu ya magofu, isiyo na mapambo, yenye kuchukua watu 3,000 kwa pamoja. Ni katika khabari za mwanzo kabisa za msikiti huo zilizoandikwa na mtu asiye Mwislamu. Sayyidna Umar (r.a.) aliingia mji huo karibu ya mwaka 638; Kubbatus Sakhra ilimalizika mwaka 72 wa Hijra, sawa na 691 au 692. Basi nyumba hiyo ya mbao ni ya kati ya nyakati mbili hizo. Anatajwa pia Muawiya, kwa jina lililopindwa kidogo na Kilatini, kuwa ni mfalme aliyehukumu baina ya makundi mawili yaliyogombea kitambaa kitukufu.

Fikiri umbali wake. Msikiti wa mbao katika Baitul Muqaddas, na kisiwa cha upepo mwishoni mwa ulimwengu uliojulikana. Katikati yake askofu aliyepotezwa na tufani, na mtu wa kuandika. Na jina la mwandishi huyo limebaki katika kinu cha kusagia shayiri.

Jambo jingine alilolifanya Adomnán lazima tulitaje, kwa kuwa litatufaa mbele kidogo. Mwaka 697 aliwakusanya wafalme na wakubwa wa dini wa Ireland na Uskoti wakakubali sheria yake, kwamba katika vita wasiuawe wanawake, wala watoto, wala watu wa dini. Msomaji atakumbuka wasia wa Sayyidna Abubakar (r.a.) kwa majeshi yake yaliyokwenda Sham, miaka ipatayo 60 kabla ya hapo.

Katika kijiji iko nyumba iitwayo Glenlyon House, iliyokuwa ya ukoo wa Campbell wa Glenlyon. Mtu mmoja wa ukoo huo, Kapteni Robert Campbell, alikuwa na ardhi njema na ngome ya Meggernie huko juu bondeni, lakini kamari na ulevi vilimla, akaiuza. Mwaka 1689 watu wa ukoo wa MacDonald wa Glencoe walipita wakirudi kutoka vitani, wakamnyang'anya mifugo iliyobaki. Akaingia jeshini akiwa mtu wa miaka karibu 60, kwa kutafuta chakula. Mwanzo wa Februari 1692 alipelekwa na askari wapatao 120 mpaka Glencoe, kwa watu wale wale, akaomba malazi. Wakampa. Wakalala nyumbani mwao, wakala chakula chao na kucheza karata nao karibu ya wiki mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 13, kwa amri iliyotoka juu, askari waliinuka wakawaua wenyeji wao. Waliouawa wapata 38. Na wanawake na watoto waliokimbilia milimani, wengine walikufa kwa theluji.

Katika nchi hii kuuana kwa koo halikuwa jambo geni, na watu walikwisha kusahau mauaji makubwa kuliko hayo. Hili hawakulisahau kwa kuwa muuaji alikuwa mgeni. Sheria yao ina jina mbali kwa mauaji ya namna hiyo, mauaji chini ya amana, na waliyahesabu kuwa maovu kupita ya kawaida. Bunge la Uskoti lilichunguza mwaka 1695, likawalaumu wakubwa, wala hakuna aliyeadhibiwa. Campbell alikufa Bruges mwaka 1696. Dereva wetu alipotuonyesha nyumba hakupunguza mwendo.

Afadhali tuwaambie khabari ya mtu mwingine wa Fortingall, ambaye hadhi yake hapa ni ndogo kuliko haki yake. Mwanzoni mwa karne ya 16 kasisi wa hapa alikuwa James MacGregor, aliyekuwa pia na cheo katika kanisa la Lismore. Yeye na nduguye Duncan, tangu mwaka 1512, walikusanya mashairi ya Kigaeli ya Uskoti na Ireland, wakayaandika katika daftari moja ambalo leo limo katika Maktaba ya Taifa huko Edinburgh. Ajabu yake ni hati. Kigaeli kilikuwa na imla yake iliyokwisha kukubaliwa na wanavyuoni. Hawa wakayaandika kwa imla ya Kiskoti, kama sikio lilivyosikia. Msomaji aliyewahi kuona utenzi wa Kiswahili uliotungwa kwa hati za Kiarabu ukigeuzwa kwa herufi za Kirumi, na jinsi wasomi wanavyogombana juu ya neno moja, atafahamu kazi waliyowaachia wajao. Lakini mashairi mengi katika hayo hayakuandikwa popote pengine. Kama wangengoja imla iliyo sawa, yasingekuwapo.

Kigaeli chenyewe kimekwisha kuwa cha mlimani tu, katika majina. Dereva alituambia kwamba bibi yake alisali kwa lugha hiyo, na yeye hajui ila kusalimu.

Sasa turudi kwa meli. Kaskazini mashariki ya kijiji, juu ya korongo, ipo ngome iitwayo Garth, iliyojengwa karne ya 14 na Alexander Stewart, mtoto wa mfalme, aliyeitwa Mbwa Mwitu wa Badenoch kwa ukali wake. Ndiye aliyelichoma kanisa kuu la Elgin mwaka 1390. Jina Garth halina ukali wowote, ni ua tu, mahali palipozungushiwa. Mwaka 1880 Sir Donald Currie, mwenye meli za Castle, aliinunua milki ya Garth, na mwaka huo huo ikashushwa majini meli iliyoitwa Garth Castle. Baadaye akanunua na Glenlyon. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1900 ikawa Union-Castle, ile tuliyoijua sisi.

Kwa fedha ya meli Currie alikijenga kijiji upya. Alimwita fundi James MacLaren, aliyekufa kijana mwaka 1890, na wenziwe Dunn na Watson wakaimaliza kazi na kulijenga kanisa. Nyumba zake zina kuta nene na paa za makuti ya mafunjo, nene na zilizoviringwa juu ya madirisha kama kilemba kilichoshuka usoni. Wageni hudhani ni za kale sana. Nyumba za kale za hapa zilikuwa duni na zenye moshi. Hizi ni ndoto ya tajiri aliyetaka kijiji chake kionekane kama alivyotamani kingekuwa. Tulizipenda hata hivyo, na hatuoni sababu ya kuficha.

Currie alikufa mwaka 1909, akaletwa kuzikwa hapa. Kaburi lake si mbali na ule mti. Tulilisoma jina lake, mmoja wetu akataja meli aliyoipanda baba yake kutoka Mombasa, kisha mvua ya milimani ikaanza, nayo haibishi hodi. Dereva alikuwa amekwisha kuitia moto motakaa, akitungoja.